Mmetumwa na Nani? Ugumu wa Kupima Maoni ya Wapiga Kura

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi waandishi wa habari mliokuja mkitarajia nitaje namba za uchaguzi ujao: sitazitaja. Nitazungumzia zilizopita, maana hizo zina mafunzo na haziwezi kunishitaki.

Wiki moja kabla ya Wakenya kupiga kura tarehe 9 Agosti 2022, tafiti nne za maoni zilichapishwa, na zote zilisema jambo moja: Raila Odinga anaongoza kwa pointi kati ya sita na nane. William Ruto alizibeza, kama wanavyozibeza wote ambao namba hazijawapendelea. Kura zilipohesabiwa, Tume ya uchaguzi ilimtangaza Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila, na Mahakama ya Juu ikayathibitisha matokeo hayo mwezi Septemba. Watafiti wakaitwa kila jina: wapiga ramli, vibaraka, wala rushwa.

Mimi ningeomba tuzitazame namba zenyewe kabla ya kutukana. Katika mmoja wa tafiti hizo, Ipsos walimpa Raila asilimia 47 na Ruto 41. Raila alipata 48.85. Kwa upande wake, basi, walikosea kwa chini ya pointi mbili, jambo ambalo mtakwimu yeyote angelala nalo usingizi mnono. Kosa karibu lote lilikuwa upande mmoja: Ruto alipungukiwa pointi tisa na ushee. Watu hao hawakushuka kutoka mawinguni asubuhi ya kupiga kura. Walikuwepo nchini wakati wote, na sehemu yao, kwa maoni yangu sehemu kubwa, walihojiwa wakajibu kwamba hawajaamua, au kwamba kura ni siri.

Turudi sasa nyumbani, mwaka 2015. Mwezi Septemba, shirika la Twaweza kupitia mradi wao wa Sauti za Wananchi walitangaza kwamba John Magufuli ana asilimia 65 na Edward Lowassa 25. Mwezi huohuo Ipsos walitoa 62 kwa 31. Oktoba, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza 58.46 kwa 39.97. Magufuli alikuwa amezidishiwa pointi chache tu. Lowassa alikuwa amepunguziwa tisa kwa hesabu ya Ipsos na kumi na tano kwa hesabu ya Twaweza. Ni kweli kwamba wiki kadhaa zilipita kati ya mahojiano na kura, na kwamba Lowassa alihamia chama cha upinzani cha Chadema mwishoni mwa Julai tu, kwa hiyo wapo waliobadili mawazo njiani. Lakini zitazameni nchi hizi mbili kwa pamoja. Tanzania mwaka 2015 na Kenya mwaka 2022, aliyepimwa vizuri kwa kiasi chake ni yule aliyeonekana kuwa na baraka za Ikulu. Aliyekosewa ni yule aliyesimama kuipinga. Ruto alikuwa Naibu Rais, sawa, lakini rais aliyekuwa madarakani alikuwa akimpigia debe Raila, na kila Mkenya alilijua hilo.

Chini ya tafiti kama hizi huchapwa mstari mmoja kwa herufi ndogo: kiwango cha kosa, jumlisha au toa asilimia mbili, au tatu. Hoja yangu jioni hii ni kwamba mstari huo unasema kweli, lakini kuhusu kitu kidogo. Unapima ile bahati ya nani kaangukiwa na nani karukwa. Haupimi hofu, wala adabu, wala uchovu wa mtu aliyetoka shamba. Na haulijibu swali ambalo mwenyeji huuliza kabla mdadisi hajafungua dodoso lake: mmetumwa na nani?

Nianze na hesabu, maana ina heshima yake na watu huionea. Kila mara mtu huniuliza: wewe unasema Watanzania wanataka hili na lile, mbona mimi sijawahi kuhojiwa, wala jirani yangu, wala mtu yeyote ninayemjua? Ndugu yangu, mwaka 2020 daftari la wapiga kura lilikuwa na watu zaidi ya milioni 29. Utafiti ukichukua watu 2,400, nafasi yako ni kama moja kwa 12,000. Ningeshangaa kama ungekuwa umehojiwa. Na bado, kama hao 2,400 wamechaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli, ambapo kila mtu mzima ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, jibu lao litakuwa ndani ya pointi mbili za jibu la nchi nzima katika tafiti 95 kati ya kila 100. Hilo si imani. Mtakwimu Jerzy Neyman aliiweka misingi yake wazi mwaka 1934 na hakuna aliyeitikisa tangu hapo. Ukubwa wa nchi hauingii sana kwenye hesabu hiyo. Kinachoingia ni ukubwa wa sampuli na namna ilivyochaguliwa.

Wingi peke yake hauokoi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura zipatazo milioni 10 kwa watu waliopatikana kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, likarudishiwa zaidi ya milioni mbili, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt kwa asilimia 57. Roosevelt alipata karibu 61, na Landon akaambulia majimbo mawili tu. Hadithi hii husimuliwa kila mahali kama hadithi ya matajiri wenye simu. Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba waliopata karatasi wakazitupa walikuwa na mawazo tofauti na waliozijaza na kuzirudisha. Kukaa kimya nako ni aina ya jibu, ila halihesabiwi.

Hata hesabu safi ina mipaka, na hapa ndugu zangu wa Zanzibar watanivumilia. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Zanzibar walikuwa karibu milioni 1.9, yaani asilimia tatu. Utafiti wa nchi nzima wa watu 2,000, ukigawa sampuli kwa uwiano, utahoji Wazanzibari kama 60. Kwa watu 60 kiwango cha kosa kinapanda hadi pointi 13 kila upande. Sasa kumbukeni chaguzi za Visiwani zilivyokuwa. Mwaka 1995 Salmin Amour alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad. Mwaka 2010 Ali Mohamed Shein alipata 50.1, Seif 49.1. Ili utafiti uweze kuliona pengo la pointi moja na kulisemea kwa uhakika unaotakiwa, ungehitaji kuhoji zaidi ya watu 30,000, karibu mmoja katika kila wapiga kura kumi wa mwaka ule. Huo si utafiti tena, huo ni uchaguzi mdogo. Kwa hiyo gazeti likiandika "Wazanzibari wasema" kwa kutegemea majibu 60, mhariri apewe kikokotoo.

Lipo kosa jingine ambalo waandishi hulifanya kila msimu. Kiwango cha kosa kinahusu asilimia ya mgombea mmoja. Pengo kati ya wawili lina kosa linalokaribia mara mbili ya hilo. Mgombea akiwa na 46 na mwenzake 43, na kiwango cha kosa ni pointi tatu, huwezi kuandika kwamba wa kwanza "aongoza". Unaweza kuandika kwamba hatujui. Lakini nani atanunua gazeti lenye kichwa cha habari "Hatujui"?

Haya yote, nasisitiza, ni ugumu wa kuridhisha: unapimika. Watafiti wa Marekani walichambua tafiti zaidi ya 4,000 zilizofanyika siku za mwisho za kampeni kati ya 1998 na 2014, kisha wakazilinganisha na matokeo. Walikuta kosa halisi ni kama pointi tatu na nusu kwa wastani, takriban mara mbili ya lile lililotarajiwa kwa hesabu za sampuli. Hapo ni Marekani, penye simu kila mfuko na pesa za kutosha. Nusu ya kosa haiko kwenye mstari ule mdogo. Iko wapi?

Kwao, sehemu yake iko kwenye mlango uliofungwa. Taasisi ya Pew ilieleza kwamba mwaka 1997 simu zao za utafiti ziliwapata na kuwahoji watu katika asilimia 36 ya nyumba walizozijaribu. Mwaka 2018 ilikuwa asilimia sita. Watu tisini na nne katika kila mia wamepotea, na mtafiti anaomba Mungu wawe wanafanana na wale sita waliobaki. Mwaka 2020 hawakufanana: chama cha kitaaluma cha watafiti wa maoni cha huko kilikiri kwamba makosa yalikuwa makubwa kuliko katika miaka 40 iliyotangulia, na uchunguzi wao haukuweza kutaja kwa hakika sababu moja.

Kwetu mambo ni kinyume. Mgeni hafukuziwi mlangoni. Unapiga hodi, unaambiwa karibu, kiti kinafutwa vumbi kwa kanga, mtoto anatumwa maji. Wadadisi wanaofanya kazi vijijini watawaambia kwamba kukataliwa waziwazi ni nadra. Kwa Wamarekani shida ni kukataliwa. Kwetu shida ni kukaribishwa, kwa sababu aliyekukaribisha anajiona ana wajibu wa kukupa jibu litakaloondoka nawe bila kukuudhi, na bila kumletea yeye taabu ukishaondoka.

Hebu tumfuate mdadisi. Kabla hajafika kwa mhojiwa wa kwanza, utafiti una kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kibali kinapelekwa mkoani, mkoa unaandika barua kwa Katibu Tawala wa Wilaya, wilaya inaandika kwa mtendaji wa kata, kata kwa mtendaji wa kijiji. Utaratibu huu una mantiki yake. Mgeni anayezunguka kijijini akiuliza watu mambo ya siasa bila barua atalala polisi, na pengine wanakijiji wenyewe ndio watakaompeleka. Lakini matokeo yake ni haya: asubuhi ya kazi, timu inafika na Land Cruiser yenye namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili, inapita kwanza ofisi ya kijiji, inasaini kitabu cha wageni, inapewa mwenyekiti wa kitongoji awaoneshe mipaka. Mwenyekiti huyo, katika sehemu kubwa ya nchi, ni wa chama tawala. Anatembea mbele. Yeye ndiye anayebisha hodi, na yeye ndiye anayesema, "Hawa ni wageni wetu, wametoka Dar es Salaam, wana maswali kidogo."

Kisha mdadisi anamsogeza mwenyekiti pembeni kwa heshima, anakaa, anafungua kishikwambi, na anasoma aya aliyofundishwa: mimi natoka taasisi huru, siwakilishi serikali wala chama chochote, majibu yako ni siri. Mimi nimewafundisha vijana kuisoma aya hiyo kwa sauti tulivu. Ni aya nzuri. Lakini mhojiwa ameona gari, ameona kitabu cha wageni, ameona nani kabisha hodi. Kati ya macho yake na aya yetu, ataamini macho.

Na hapa ndipo penye fundo lenyewe. Kile kibali kinachoufanya utafiti uwe halali ndicho kinachoufanya uonekane wa serikali. Hakuna aliyekusudia hivyo. Hata serikali yenye nia njema kabisa, inayotaka kujua ukweli kuhusu zahanati zake, itapata jibu lililolainishwa kwa sababu ya barua yake yenyewe.

Waliolichukulia jambo hili kwa uzito ni Afrobarometer, mtandao uliofanya tafiti zake za kwanza mwaka 1999 na ambao hapa kwetu hufanya kazi na REPOA. Wao mwishoni mwa mahojiano humuuliza mhojiwa swali lake mwenyewe: unadhani nani ametutuma kufanya mahojiano haya? Baada ya saa nzima, baada ya aya ya utangulizi kusomwa neno kwa neno, sehemu kubwa ya wahojiwa katika nchi nyingi hujibu: serikali. Mtafiti Marcus Tannenberg alizitumia data hizo kulinganisha wanaoamini mgeni katumwa na serikali na wasioamini hivyo. Wa kwanza humsifu zaidi kiongozi na humwamini zaidi, na tofauti hiyo huwa kubwa zaidi katika nchi ambazo demokrasia ni finyu. Wengine, wakiongozwa na Claire Adida, walionesha kwamba kabila la mdadisi nalo hubadili majibu: mtu humwambia wa kwao jambo, na humwambia mgeni jambo jingine. Mstari mdogo wa kiwango cha kosa haulijui lolote kati ya haya.

Msifikiri ni hofu peke yake. Kuna adabu. Muulize mzee wa Kitanzania hali ya maisha na atasema tunamshukuru Mungu, tunaendelea, kisha akupeleke akuoneshe ghala tupu. Kuna mume. Utaratibu wetu mara nyingi unataka nusu ya wahojiwa wawe wanawake, na bahati nasibu ya kishikwambi inaweza kumwangukia mke wa pili, mwenye umri wa miaka 22, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza maoni yake mbele ya mumewe. Mume hafukuzi mtu. Anakaa tu pale, anasikiliza, na akiona mke anasita anamsaidia kujibu. Kuna lugha: dodoso limeandikwa Kiswahili sanifu, mhojiwa anaongea Kisukuma, na mkalimani ni kijana wa jirani anayefupisha maneno ya dakika mbili kuwa "amesema ndiyo". Kuna saa: ukifika saa tano asubuhi utamkuta nani? Kijana wa bodaboda yuko kijiweni, mchimbaji yuko mgodini, mfugaji kafuata malisho. Mdadisi anatakiwa arudi jioni, na jioni gari linatakiwa wilaya nyingine.

Na kuna mdadisi mwenyewe. Analipwa kidogo, amechoka, na amebakiwa na madodoso mawili ambayo angeweza kuyajaza chini ya mwembe. Zamani hili lilikuwa tatizo kubwa. Siku hizi kishikwambi kinarekodi mahali alipo na muda aliotumia, na dodoso la dakika 50 lililokamilika kwa dakika 11 linajitangaza lenyewe. Nalipita haraka kwa sababu ndilo tatizo pekee katika orodha hii ambalo teknolojia imelipunguza kweli.

Je, simu si dawa? Inapunguza mambo mawili matatu: haina gari, haina mwenyekiti, na gharama yake ni ndogo. Sauti za Wananchi ilianza kwa ubunifu ambao mimi bado nauheshimu. Walichagua kaya kwa bahati nasibu, wakawapa wahojiwa simu pamoja na chaja ya umeme wa jua, halafu wakawa wanawapigia mara kwa mara. Hivyo waliondoa lile kosa la Literary Digest la kuhoji wenye simu tu. Lakini kundi la namna hiyo huzeeka pamoja na watu wake. Kijana aliyekuwa na miaka 15 siku ya kuchagua kaya ana kura baada ya miaka mitatu na hayumo. Aliyehama kwenda mjini kutafuta maisha hapokei tena. Na sauti inayotoka kwenye simu nayo haina uso. Mtu mwenye shaka na mgeni aliyekaa mbele yake ataacha vipi kuwa na shaka na asiyemwona?

Zipo mbinu za kumpa mhojiwa pa kujificha. Wapo wanaobeba sanduku dogo na karatasi mfano wa ile ya kura, mhojiwa akatia alama peke yake na kuitumbukiza. Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya orodha. Nusu ya wahojiwa, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, unawasomea kauli tatu za kawaida na kuwaomba waseme wanakubaliana na ngapi, bila kutaja zipi. Nusu nyingine unawasomea hizohizo tatu, ukiongeza ya nne iliyo nyeti, tuseme "nitampigia mgombea wa upinzani". Kundi la kwanza likitoa wastani wa 1.4 na la pili 1.7, ile tofauti ya 0.3 inakuambia kwamba asilimia 30 wamekubali kauli nyeti, na hakuna hata mmoja aliyeitamka. Gharama yake ni kwamba kiwango cha kosa kinapanuka sana, kwa hiyo unahitaji sampuli kubwa zaidi, na mfadhili anauliza kwa nini alipie watu wengi kupata jibu lenye ukungu zaidi. Jibu ni kwamba ule uwazi wa mwanzo ulikuwa wa uongo. Wafadhili hawalipendi jibu hilo.

Hata ukimpata mtu akakuambia ukweli, bado hujajua kama ataamka siku hiyo. Mwaka 2017 mwezi Agosti, karibu Wakenya 8 kati ya kila 10 walioandikishwa walipiga kura. Mwaka 2022 walishuka hadi karibu asilimia 65. Utafiti huuliza "ungempigia nani?", wakati uchaguzi huhesabu waliopanga foleni. Tofauti ya kujitokeza kati ya mkoa mmoja na mwingine inatosha kula pengo la pointi sita bila mtu yeyote kubadili mawazo wala kusema uongo.

Sasa lazima niipinge hoja yangu mwenyewe kidogo, maana nimewaona wawili watatu hapo mbele wakiandaa swali. Ukisema utafiti humbeba mwenye Ikulu, utafanya nini na Kenya ya 2017? Ipsos walimpa Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani, asilimia 47 na Raila 43. Tume ikatangaza 54 kwa 45. Safari hii aliyepunguziwa ni mwenye Ikulu. Ningeweza kusema kwamba mfano mmoja umeivunja kanuni yangu, na pengine umeivunja. Lakini tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi ule. Basi utafiti ulikosea kulinganisha na nini?

Hapa tuna tatizo ambalo vitabu vya takwimu tunavyosomesha, vingi vikiwa vya Marekani na Uingereza, havilijui. Wao wanaukosoa utafiti kwa kuuweka kando ya matokeo rasmi. Sisi wakati mwingine hatuna hakika na rula. Mwaka 2007 taasisi ya Kimarekani ya IRI iliwahoji Wakenya wakitoka vituoni, na majibu yao yalikuwa Raila asilimia 46, Mwai Kibaki 40. Tume ilimtangaza Kibaki mshindi kwa kura kama 230,000. IRI walikaa na namba zao kwa miezi, wakisema wana mashaka na ubora wake, wakati nchi ikiungua. Zilitoka hadharani katikati ya 2008. Na Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi ule, ikasema kasoro zilikuwa nyingi kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Kwa hiyo hadi leo hakuna anayeweza kusema kama mahojiano yale ya vituoni yalikuwa sahihi au la. Kilichokosekana si utafiti bora. Kilikosekana kitu cha kuulinganisha nao.

Lakini 2022 ilitupa jaribio ambalo hata maabara isingelipanga vizuri zaidi. Kundi la waangalizi la ELOG lilichagua kwa bahati nasibu vituo kama 1,000 kati ya zaidi ya 46,000, likaweka waangalizi wake, likakusanya matokeo yaliyobandikwa mlangoni. Makadirio yao: Ruto 50.7, Raila 48.7. Tume ilitangaza 50.49 na 48.85. Nchi ni ileile, uchaguzi ni uleule, na kanuni ya hesabu ni ileile ya Neyman. Sampuli ya vinywa ilikosea pengo kati ya wawili hao kwa karibu pointi nane. Sampuli ya karatasi ilikosea kwa sehemu ya pointi moja. Karatasi iliyoko sandukuni haiulizi umetumwa na nani.

Niseme neno kuhusu sheria, kwa kifupi na kwa uangalifu. Kenya wana sheria ya mwaka 2012 inayomtaka anayechapisha utafiti wa uchaguzi aseme nani kaulipia, umefanyika lini, watu wangapi, na kiwango cha kosa ni kipi, na inayozuia kuchapisha siku tano za mwisho. Haijawazuia matapeli wenye kampuni za mfukoni, lakini imempa mwandishi wa habari kitu cha kudai. Sisi tulipita njia nyingine. Julai 2018 Twaweza walitangaza kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017. COSTECH ikawaandikia kuhoji kibali chao, na baada ya wiki chache Uhamiaji ikachukua pasipoti ya mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze. Septemba ya mwaka huo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa kuwabana wanaochapisha takwimu zinazokinzana na za serikali, Benki ya Dunia ikapaza sauti, na Juni 2019 ikarekebishwa tena na kulegezwa.

Mimi ni mtu wa takwimu, kwa hiyo niliangalie kwa jicho hilo tu. Ile 96 ya 2016 siiamini hata kidogo kama picha ya mioyo ya watu, na hata ile 55 naitilia shaka. Ninachokiamini ni mteremko. Kipimo kikiwa na upungufu uleule kila mwaka, mabadiliko yake bado yana maana. Ila kuna sharti: hofu isibadilike katikati. Mhojiwa naye anasikiliza redio. Akisikia kwamba aliyeuliza maswali amenyang'anywa pasipoti, yeye aliyejibu, asiye na pasipoti ya kunyang'anywa, atafikiri nini simu ikiita tena mwezi ujao? Tangu siku hiyo mfululizo wa namba umekatika, hata kama dodoso halijabadilishwa nukta.

Nina pendekezo moja, na si la gharama. Swali lile la Afrobarometer liingizwe katika kila utafiti wa maoni unaofanywa nchini, na jibu lake lichapwe palepale gazetini, kando ya kiwango cha kosa, kwa herufi zilezile ndogo: asilimia fulani ya wahojiwa waliamini tumetumwa na serikali. Chini yake matokeo yatolewe mara mbili, ya walioamini hivyo na ya wasioamini. Wa pili watakuwa wachache na kosa lao litakuwa pana. Watakuwa pia watu wa aina yake, wasomi zaidi au wabishi zaidi, kwa hiyo si kwamba ukweli wote umelala kwao. Lakini msomaji ataliona pengo kati ya makundi mawili kwa macho yake, na mwaka unaofuata ataona kama limepanuka au limepungua. Nimewahi kulipeleka wazo hili kwa wahariri. Wamesema litachukua nafasi ya tangazo.

Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Nayapokea maswali, nikianza na yule bwana wa Pemba ambaye mkono wake uko juu tangu nilipotaja wale watu 60.